Kwa Nini Tunaipenda Sukhoi?

Ndugu msomaji, jambo hili lilianza na kopo la mafuta ya kula.

Kila mwaka kabla ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, vijana wa kituo chetu hapa Lobule huandaa meza ya kazi za mikono. Kuna vikapu, kuna vitambaa vya kushona, kuna magari ya waya. Mwaka huu mtoto mmoja wa miaka kumi na mitatu alileta ndege. Mwili wake ni kopo la mafuta lililokatwa na kukunjwa. Mabawa ni bati kuukuu, roketi za chini ya mabawa ni kalamu zilizokwisha wino, na magurudumu ameyachonga kutoka kwenye kandambili. Upande mmoja wa nyuma ameuchoma kwa mshumaa mpaka ukawa mweusi. Mimi nikadhani ameuharibu kwa bahati mbaya. Nikamwambia, "Hapa itabidi upake rangi upya."

Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Yaya, hapo ndipo kombora liligonga. Hii ni Sukhoi ya Goma."

(Kwa wasomaji ambao si Wakongomani: yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. Ndivyo watoto wa kituo wanavyoniita.)

Mwenzangu mmoja wa kazi, mama mwenye huruma sana, alisema ndege hiyo haiwezi kukaa mezani. Tuna kanuni pale kituoni: hakuna silaha za kuchezea, sababu watoto wengi hapa wameona silaha za kweli. Vijana wakapinga. "Si bunduki, ni ndege!" Mwingine akasema, "Hata kule mjini wanauza ndege za plastiki dukani, hakuna anayewakataza." Mwishowe wakasema mimi niamue. Nikasema nitaamua kesho. Kesho ikafika sikuamua, keshokutwa pia, sababu nilikuwa na siri yangu: hiyo ndege naipenda mimi pia. Video yake imekaa kwenye simu yangu tangu 2023. Nimefuta picha za sherehe ili nipate nafasi, lakini video hiyo sijaifuta.

Basi ninaandika ili nijijibu swali hili: je, ni vibaya kupenda mashine iliyotengenezwa kuua, kama tunachoipendea ni kwamba yenyewe ni ngumu kufa?

Kwanza niseme kilichotokea. Tarehe 24 Januari 2023 ndege ya aina ya Sukhoi-25 ya jeshi la Kongo ilikuwa karibu na uwanja wa Goma. Kombora likarushwa kutoka upande wa Rwanda. Rwanda ilisema ndege imeingia kwenye anga yake. Kongo ilisema ndege ilikuwa ndani ya Kongo, na kwamba kitendo kile ni cha vita. Mimi siamui kesi hiyo hapa. Nasema tu kile ambacho watu wengi waliona kwenye simu zao: kombora linapanda, kishindo angani, watu wanapiga kelele, halafu ile ndege, moto umeishika, inaendelea kwenda. Inashuka, inatua, na watu wa uwanja wanaikimbilia kuuzima moto.

Hapa Lobule tuliitazama chini ya mwembe, vichwa saba juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Ilipotua tulishangilia kama timu yetu imefunga goli dakika ya tisini. Tukairudisha mwanzo. Tukaitazama tena mpaka chaji ikaisha.

Baadaye nilianza kusoma habari zake, maana mimi ni mtu wa namna hiyo, kitu kikinishika hakiniachi. Sukhoi-25 ni ndege ya Wasovieti. Iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1975, ikaingia kazini 1981, na vita vyake vya kwanza vilikuwa Afghanistan. Nyingi zilitengenezwa Tbilisi, katika Georgia, na ni Georgia hiyohiyo iliyoiuzia Kongo ndege hizi karibu na mwaka 2000. Kazi yake ni moja: kuruka chini, karibu na ardhi, na kupiga vilivyo ardhini kuwasaidia askari wa miguu. Haina mbio. Ndege nyingine za vita hupita mwendo wa sauti, yenyewe haifiki huko. Warusi wanaiita Grach, jina la ndege wa jamii ya kunguru anayetembea mashambani akiokota wadudu. Huyo si tai, wala hana uzuri wa kujivunia.

Lakini ni ngumu. Rubani amekaa ndani ya sanduku la titaniamu, madini magumu kuliko bati lolote unalolijua, lenye unene wa milimita 10 mpaka 24. Injini ziko mbili, na zimetenganishwa ili moja ikipigwa isiiue nyingine. Matangi ya mafuta yamejazwa kitu kama sponji ili yasilipuke yakitobolewa. Haihitaji uwanja wa lami, inaweza kutua kwenye udongo. Hata vifaa vya kuitengeneza inaweza kuvibeba yenyewe chini ya mabawa, ikahamia uwanja mwingine na karakana yake.

Wamarekani nao wana ya kwao ya kazi hiyohiyo, A-10, iliyoruka mara ya kwanza 1972. Wenyewe wanaiita ngiri, kwa ubaya wa sura. Rubani wa A-10 pia amezungukwa na titaniamu, karibu kilo 540. Jeshi la anga la Marekani limejaribu kuistaafisha mara nyingi, na kila mara wametokea watu wa kuitetea bungeni. Askari waliowahi kuokolewa nayo hawataki kusikia habari ya kuitupa.

Sasa, kwa nini watu wanazipenda ndege hizi mbili kuliko nyingine zilizo nzuri na za haraka? Nimefikiria sana, na nadhani sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza, ndege hizi zinafanana na vitu vyetu. Mtu wa Lobule hapendi pikipiki kwa sababu inang'aa. Anaipenda Boxer ile inayobeba magunia matatu ya muhogo na mwenye magunia juu yake, ikianguka kwenye tope la mwezi wa tisa inainuliwa, inafungwa waya, inaendelea mpaka Koboko. Tunapenda jembe ambalo mpini umebadilishwa mara nne. Anayeishi mbali na duka la vipuri hujifunza kuheshimu kitu kisichomwacha njiani. Heshima hiyo si ujinga. Ni elimu ya watu maskini.

Sababu ya pili, zinakuja karibu. Ndege ya juu sana huioni, unasikia tu mlio, na hujui kama inajua kwamba upo. Hii ya chini unaiona tumbo. Askari aliyezingirwa, akiiona imeshuka mpaka miti inatikisika, anajua hajasahauliwa. Na sisi hapa kambini, kitu tunachokiogopa kuliko njaa ni kusahauliwa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: inapigwa na inarudi nyumbani. Kuna rubani wa Kisovieti anaitwa Alexander Rutskoi. Huko Afghanistan alidunguliwa mara mbili akiwa katika Sukhoi-25, mwaka 1986 na 1988, na mara zote mbili akabaki hai. Mwaka 1991 akawa makamu wa rais wa Urusi. Kuna rubani wa Kimarekani, mwanamke, Kim Campbell. Tarehe 7 Aprili 2003 A-10 yake ilipigwa juu ya Baghdad, mifumo ya kuiongoza ikafa, akairudisha kwa nguvu za mikono akaitua salama. Hadithi kama hizi zinakaa moyoni. Nani kati yetu hajaota kwamba yeye naye amepigwa, anawaka moto, lakini anaelekea nyumbani na atafika?

Ndiyo maana yule mtoto hakusahau kuuchoma ule upande wa nyuma. Ndege bila kovu isingekuwa Sukhoi ya Goma. Ingekuwa kopo tu.

Hadi hapo nilikuwa karibu kuamua. Nilisema moyoni, ndege ikae mezani, watoto hawashangilii kuua, wanashangilia kurudi. Nikaichukua nikaenda nayo nyumbani jioni ile kuilinda na mvua, nikaiweka juu ya gunia la maharage. Bibi yangu, ambaye sote tunamwita Koko, akaiona.

Koko haoni vizuri siku hizi. Aliishika kwa mikono, akapapasa mabawa, akapapasa kalamu. Akauliza, "Hii ni ndege?"

"Ndiyo Koko. Ni ndege ya vita. Ni ngumu sana, hata ikipigwa haianguki."

"Inabeba watu wangapi?"

"Mmoja."

Akanyamaza kidogo. "Mmoja tu? Na chuma hiki chote?"

Akairudisha juu ya gunia, akaendelea kuchambua mboga. Koko hakuwa anafanya falsafa. Aliuliza tu, kama anavyouliza bei ya samaki. Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri.

Nilianza kupiga hesabu. Kilo 540 ni sawa na jerikani 27 za maji, zile za lita ishirini. Fikiria jerikani 27 zimepangwa kumzunguka mtu mmoja, na kila moja ni titaniamu. Huyo ndiye mtu ambaye ndege inamrudisha nyumbani. Sasa tazama chini ya ndege. Huko kuna askari, sawa, kuna adui, sawa. Kuna pia mama anayevuna karanga, kuna nyumba ya nyasi. Nyasi zina unene wa milimita ngapi?

Hapo ni lazima niseme habari ya Koko, ingawa si habari ya Sukhoi. Ni habari ya kushambulia kutoka juu.

Sisi ni watu wa Faradje. Tarehe 14 Desemba 2008 jeshi la Uganda, likishirikiana na Kongo na Sudan Kusini, lilishambulia kutoka angani kambi za LRA ndani ya mbuga ya Garamba. Nia ilikuwa kummaliza Kony, na hakuna mtu wa kwetu ambaye hakuitaka nia hiyo. Lakini Kony hakupatikana. Watu wake walitawanyika vikundi vikundi, wakawaka hasira, na hasira hiyo hawakuipeleka kwa ndege. Waliipeleka kwa wale waliowafikia kwa miguu. Siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba, watu wakiwa katika sikukuu, waliingia Faradje. Waliuawa watu zaidi ya mia moja, na watoto wengi walichukuliwa. Sisemi haya kulilaumu jeshi. Waliotuua ni LRA, na dhambi ni yao. Nasema tu kwamba aliyepiga kutoka juu aliruka akarudi kambini kwake, na jibu la pigo lake likaja kwetu siku kumi na moja baadaye.

Nilikuwa na miaka minane. Koko alimfunga dada yangu mgongoni, mimi akanishika mkono, na nilipochoka akaninyanyua na mimi pia. Alikuwa na khanga na ndala moja, ya pili ilibaki kwenye majani. Tulilala porini, tulitembea, tulijificha, tukatembea tena. Mwaka uliofuata tukavuka mpaka, na kambi hii ya Lobule ilipofunguliwa 2013 tukapewa kiwanja.

Sasa ndugu msomaji, linganisha. Ndege ina titaniamu, ina injini mbili, inabeba mtu mmoja. Koko hakuwa na bati hata moja, na alibeba watu wawili. Wote wawili walipita motoni wakafika. Kwa nini basi kwenye simu yangu kuna video ya ndege, na ya Koko hakuna?

Nililipeleka jambo hili kwa vijana Jumamosi, tukakaa kama baraza. Sikutaka kuwahubiria, kwa hiyo niliwaambia wanipinge. Wakanipinga vizuri. Kijana mmoja anayetoka Ituri, ambaye amepoteza watu wengi kuliko mimi, alisema: "Yaya, acha maneno mazuri. Ile siku ya Noeli, kama Sukhoi ingetokea juu ya Faradje ikawapiga wale watu kabla hawajaingia, wewe usingeshangilia?"

Kimya kikatanda. Nikamjibu ukweli. Ningeshangilia. Ningeruka juu. Ningeiita ndege ya Mungu.

"Basi," akasema.

Jibu lake ni zito, na sitaki kulipita kwa mbio. Mtu anayesema silaha zote ni sawa na uovu ni mtu ambaye hajawahi kumsubiri mtu mwenye silaha aje kumwokoa. Sisi tumemsubiri. Kwa hiyo siwezi kusema mtoto asipende kabisa kitu kinacholinda.

Lakini kushukuru ni kitu kimoja na kupenda ni kingine. Panga likinisaidia kumuua nyoka ndani ya nyumba nitalishukuru, kisha nitalifuta, nitalichomeka darini, na nitajua liko wapi muda wote. Sitalala nalo mkononi kwa sababu jana lilinisaidia. Anayelipenda panga mwisho huanza kutafuta nyoka. Shukrani ina macho, inajua ni siku gani kitu kilisaidia na ni siku gani kiliumiza. Mapenzi ya kishabiki ni kama ya timu: ikishinda tunaimba, ikikosea tunasema ni refa.

Nikawapa mfano wa A-10 ileile. Hadithi ya Kim Campbell ya tarehe 7 Aprili 2003 inasimuliwa na wapenzi wote wa ndege hiyo. Siku kumi kabla, tarehe 28 Machi 2003, katika vita vilevile huko Iraki, marubani wawili wa A-10 waliupiga msafara wa magari ya Waingereza, marafiki zao wenyewe. Magari yale yalikuwa na vitambaa vya rangi ya machungwa juu yake, alama ya kusema "sisi ni wenzenu". Marubani waliviona vile vitambaa wakadhani ni roketi. Askari mmoja Mwingereza akafa. Na hii ndiyo ndege inayosifiwa kwamba kwa kuwa inakwenda polepole na chini, rubani anaona vizuri.

Kumbe kukaribia si kuona. Unaweza kuja mpaka ukaona rangi ya kitambaa na bado usimwone mtu. Hilo halikutokea kwa sababu marubani walikuwa watu wabaya. Mtu aliye ndani ya ndege anaogopa, ana haraka, na akikosea anayelipa ni mwingine. Ugumu wa ndege unamlinda asife. Haumlindi asikosee.

Yule kijana wa Ituri akaniuliza, "Kwa hiyo unasemaje? Tuchukie?"

Nikasema hapana. Nikamuuliza swali jingine: ile Sukhoi ya Goma iliyotufanya turukeruke, ilirudi salama, si ndiyo? Ndiyo. Na Goma yenyewe iko wapi leo? Akanyamaza. Sote tunajua. Mwishoni mwa Januari 2025, miaka miwili kamili baada ya video ile, M23 waliingia Goma wakaichukua. Ndege haikuanguka, mji ndio ulioanguka. Tulishangilia chuma kilichorudi na tukadhani ni sisi tuliorudi. Ilikuwa furaha ya kweli, lakini haikuwa yetu.

Hapo ndipo nilipofikia, na ndilo ninalotaka kulisema katika insha hii. Ugumu peke yake si wema. Ni nguvu tu, kama mvua. Kila ukimsifu mtu au kitu kwa ugumu, uliza maswali mawili: ugumu huu unamlinda nani, na nani yuko chini yake? Sukhoi ukiiuliza hivyo, inajibu: namlinda mmoja, na walio chini siwajui. Koko ukimuuliza, hatakujibu, ataendelea na mboga zake, lakini mimi ndiye jibu lake, na dada yangu.

Na nina neno kwa wasomaji wetu wanaofanya kazi katika mashirika, maana najua gazeti hili dogo mnalisoma. Mnapenda sana neno "ustahimilivu". Liko kwenye ripoti, liko kwenye fulana, liko kwenye mabango. Mnatusifu kwamba sisi ni wastahimilivu, tunapigwa na tunaendelea, mgao ukipunguzwa bado tunacheka na kucheza ngoma. Najua mnasema kwa upendo. Lakini mnisamehe, wakati mwingine mnatusifu kama mnavyosifu ndege ile: ajabu, imepigwa na bado inaruka! Ndege huwa imetengenezwa ipigwe. Mhandisi alikaa akachora, akasema hapa tutaweka chuma, risasi itapita hapa. Koko hakutengenezwa apigwe. Kutembea kwake na watoto wawili porini hakukuwa maonyesho ya uimara wa bibi wa Kiafrika. Lilikuwa jambo ambalo halikupaswa kumpata. Mkimsifu, msifuni kwa wale aliowabeba, si kwa mapigo aliyoyavumilia. Maana anayesifiwa kwa kuvumilia mapigo, watu husahau haraka kuuliza nani anapiga, na lini ataacha.

Na sisi vijana tusijidanganye. Wengi wetu tumejifanya Sukhoi. Tumejenga sanduku la titaniamu moyoni, hatulii, hatuombi msaada, tunasema "niko sawa" hata tukiwa tunaungua. Mimi pia. Miaka mingi nilijivunia kwamba sijalia tangu Faradje. Halafu siku moja mdogo wangu akaniambia, "Wewe huumii, lakini ukiwa nyumbani sisi ndio tunaumia." Nilikuwa nimejilinda mimi mmoja. Chuma chote hicho, na ndani mtu mmoja tu.

Sasa turudi kwenye meza.

Niliamua ndege ikae. Mama mwenzangu hakufurahi mwanzoni, na sikusema amekosea, sababu kanuni yake ni nzuri na ilitoka kwenye huruma. Nilimwambia tu kwamba mtoto aliyetengeneza kovu kwa mshumaa hachezei vita. Anajaribu kuelewa kitu, na ukiificha kazi yake chini ya meza hutakuwa umemsaidia kuelewa. Alikubali kwa sharti moja: kila kitu mezani kiwe na karatasi ya maelezo, hata vikapu, ili ndege isiwe peke yake.

Watoto wakaandika. Kikapu: kimesukwa siku nne, kinabeba kilo tano za mahindi. Gari la waya: halina breki. Yule mtoto wa ndege alikuja kwangu na karatasi tupu, akaniuliza aandike nini. Nilikuwa na maneno mengi tayari, haya yote mliyoyasoma. Nikayazuia. Nikamsimulia tu kile Koko alichouliza, bila kuongeza kitu.

Alikaa chini, akaandika polepole, ulimi nje kidogo kama watoto wanavyofanya. Siku ya tarehe 20 wageni walipita, wakatoa simu, wakapiga picha. Wengi walicheka walipoona roketi za kalamu. Halafu walisoma karatasi, na niliona baadhi yao wamesimama pale muda mrefu kidogo kuliko mbele ya vikapu.

Ilikuwa imeandikwa hivi:

"Sukhoi ya Goma. Ilipigwa, haikuanguka. Inabeba: mtu 1."